Mahagi: Rezo «inakufa» watu wakiwa wengi, lakini si kila mara kosa ni la antena

Katika sekretaria za mjini Mahagi, siku za matokeo ya mitihani ya serikali na siku za inskripsio za vyuo vikuu vya Bunia zinajulikana kwa msongamano. Watu ishirini wanaweza kuwa kwenye Wifi moja, ordinateri nne ziko kazini, na kila mmoja ana haraka. Kwa ghafla kurasa zinaacha kufunguka. «Rezo imekufa,» mtu anasema. Mwingine anajibu kwamba kampuni ya simu imekata. Rutere inazimwa na kuwashwa, mambo yanarudi kwa nusu saa, halafu yanakwama tena.

Hasara ya hali hii inaonekana mfukoni. Mwenye sekretaria ananunua forfe nyingine ya mega akifikiri ile ya kwanza imekwisha. Mwanafunzi ambaye faili zake zilikuwa karibu kumaliza kupanda anarudia toka mwanzo, na siku ya mwisho ya inskripsio haimngoji. Mfanyabiashara aliyekuwa anatuma oda yake ng'ambo ya mpaka hajui kama imefika au la.

Mara nyingi, katika hali kama hizi, antena ni nzima na mega ziko. Kilichokwisha ni nafasi ndani ya masini yenyewe: ndani ya ordinateri, au ndani ya rutere inayogawia wote. Kununua mega zaidi hakuongezi nafasi hizo. Kwa hiyo swali la kwanza si «nani amekata?» bali «ni kitu gani kimejaa?».

Jetoni za hospitali

Kila ordinateri inaongozwa na sistemu, kwa mfano Windows au Linux. Ni sistemu hiyo inayoongea na rezo kwa niaba ya programu zote. Programu ikitaka kufungua ukurasa, sistemu inaipa namba ya muda, ambayo mafundi wanaiita mlango. Jibu likirudi kutoka mbali, linarudi na namba ile ile, na sistemu inajua ni la nani.

Ni sawa na jetoni za hospitali. Mgonjwa anaingia, anapewa jetoni namba 12, anapelekwa laboratware. Matokeo yakitoka, wanaita namba 12. Sasa, kama mgonjwa wa kwanza ameenda nyumbani na jetoni ile ile inapewa mwingine saa ile ile, karatasi iliyochelewa ya yule wa kwanza inaweza kuingia mikononi mwa wa pili. Ndiyo maana jetoni iliyorudishwa inawekwa kando kidogo kabla ya kupewa mtu mwingine.

Sistemu inafanya hivyo hivyo. Kanuni za mawasiliano zilizoandikwa mwaka 1981 zinasema kwamba mlango uliofungwa unapaswa kupumzika kwanza, ili habari zilizochelewa njiani zisichanganyike na mazungumzo mapya. Linux inaupumzisha kwa sekunde 60. Windows za zamani ziliupumzisha dakika 4, na zile zilizofuata dakika 2.

Namba zote za milango ni 65,536, lakini sistemu haitumii zote kwa kazi hii. Windows XP ilikuwa inachukua toka 1025 mpaka 5000 tu, yaani milango 3,976. Tangu Windows Vista, zinatumika 16,384, toka 49152 mpaka 65535. Linux kwa kawaida ina 28,232.

Hesabu ni rahisi. Milango 3,976, kila mmoja ukipumzika sekunde 240, inatosha kwa maunganisho mapya kama 16 tu kwa sekunde. Milango 16,384 ikipumzika sekunde 120, inatosha kwa kama 136 kwa sekunde. Mtu mmoja hafikii hapo. Lakini ordinateri inayopitisha kazi ya watu wengi, au yenye virusi vinavyogonga milango ya nje usiku na mchana, inafikia. Na ukurasa mmoja wa leo haufungui unganisho moja. Picha, matangazo na vipande vingine vinaweza kuomba makumi ya maunganisho kwa mara moja.

Jetoni zikiisha, wagonjwa walio ndani wanaendelea kutibiwa, lakini wapya wanabaki nje. Hiyo ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu: yaliyokwisha kufunguka yanaendelea, mapya yanakataa. Mtu anayeongea kwa WhatsApp anaendelea kuongea, na jirani yake hawezi kufungua hata ukurasa mmoja. Kama laini ingekuwa imekatika kweli, wote wawili wangenyamaza.

Anayeondoka bila kurudisha jetoni

Rutere nayo ina orodha yake. Yenyewe inachukua simu na ordinateri zote za ndani na kuzitoa nje kwa adresi moja, kwa hiyo inalazimika kuandika: huyu ameongea na yule, jibu likija nimpe nani. Orodha hiyo ina mwisho, na katika rutere ndogo za bei nafuu mwisho huo unafikiwa mapema.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mahali ambapo umeme si wa uhakika. Unganisho linalofungwa vizuri linaaga, na rutere inalifuta. Lakini simu ikizimika kwa sababu batri imekwisha, au jenereta ikisimama na ordinateri zote kufa kwa pamoja, hakuna anayeaga. Jina linabaki kwenye orodha. Katika Linux, ambayo ndiyo iko ndani ya rutere nyingi, muda wa kawaida wa kungoja unganisho kama hilo ni sekunde 432,000, yaani siku 5. Watengenezaji wengine wanaupunguza, wengine wanauacha vile vile.

Kwa hiyo rutere iliyo kwenye batri ya sola, ambayo haizimiki wakati ordinateri zinapokufa mara tatu kwa siku, inaweza kujaza orodha yake kwa majina ya watu waliokwisha kwenda nyumbani. Orodha ikijaa, Linux inaandika katika kitabu chake cha ndani kwamba meza imejaa na inatupa vifurushi. Wateja hawaoni maneno hayo. Wanachoona ni ukurasa mweupe.

Kuna orodha nyingine tena, ile ya adresi. Kila simu inayoingia kwenye Wifi inapewa adresi kwa muda fulani. Rutere iliyopangwa kutoa adresi 100 kwa saa 24 ikipokea simu 100 asubuhi, simu ya 101 itakosa, hata kama zile za asubuhi ziliondoka zamani. Kwenye ordinateri ya Windows, alama yake ni adresi inayoanza na 169.254. Masini imejipa adresi yenyewe kwa sababu hakuna aliyeipa.

Wanaogawa koneksio kwa ordinateri ndogo yenye modemu wakumbuke pia kwamba Windows 10 na Windows 11 zinakubali vyombo 8 tu kwenye ugawaji wa namna hiyo. Mtu wa tisa hatapata, hata angekaa karibu na modemu namna gani.

Kupima kabla ya kuzima

Kuzima rutere kunafuta orodha yote, ndiyo maana inaonekana kama dawa. Na kweli, kama kuzima na kuwasha kunarudisha mambo mara moja, hilo ni ushahidi mkubwa kwamba huenda laini haikuwa imekufa. Lakini kuzima kunakata pia waliokuwa katikati ya kazi, na kunafuta alama za ugonjwa kabla fundi hajaziona. Dakika mbili za kupima zinatosha kwanza.

Kwenye Windows, mtu anafungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, halafu anafuata hatua hizi:

1. Aandike ipconfig. Aangalie adresi ya masini yake, na ile ya rutere iliyo mbele ya maneno « Passerelle par défaut ». Kama adresi ya masini inaanza na 169.254, tatizo ni la adresi, na mega hazihusiki.

2. Aandike ping na adresi ya rutere, kwa mfano ping 192.168.1.1. Kama rutere haijibu, kosa liko kati ya masini na rutere: Wifi ni dhaifu, kamba imechomoka, au rutere yenyewe imezidiwa.

3. Aandike ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Kama jibu linarudi lakini linachukua milisekunde elfu moja au zaidi, laini ni nzima ila imejaa. Kuna mtu anavuta video, au ordinateri inajipakulia Windows mpya kimya kimya.

4. Kama 8.8.8.8 haijibu kwenye masini yoyote, aulize waliomo: kuna mtu ambaye simu ya WhatsApp au redio ya intaneti bado inaendelea? Kama iko, orodha ya rutere ndiyo inayoshukiwa. Kama wote wamekatika, laini ya nje ndiyo inayoshukiwa.

5. Kama 8.8.8.8 inajibu vizuri, na simu iliyo pembeni kwenye Wifi ile ile inafungua kurasa, lakini ordinateri hii haifungui, milango ya ordinateri hii ndiyo inayoshukiwa. Aandike netstat -ano. Mistari ikishuka kwa mamia na mingi ikiwa na neno TIME_WAIT, hizo ni jetoni zinazopumzika. Namba ya mwisho ya mistari iliyo bado wazi inaonyesha programu inayohusika, na namba hiyo inatafutwa katika « Gestionnaire des tâches ».

Windows inaandika pia makosa yake katika « Observateur d'événements », sehemu ya « Système ». Namba 4227 inamaanisha kwamba maunganisho yanafunguliwa na kufungwa kwa kasi mno, mpaka sistemu inataka kutumia tena mlango uliotoka kufungwa. Namba 4231 inamaanisha kwamba milango yote ya muda imechukuliwa. Na programu ikionyesha kosa namba 10055, inasema sistemu imekosa nafasi ya kuweka mazungumzo mapya. Hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu inayozungumzia antena.

Dawa, kuanzia ile isiyo na gharama

Ya kwanza ni kutafuta nani anakula. Ordinateri ya sekretaria inapokea funguo za USB za watu wengi, na virusi vinaingia humo. Kama programu moja isiyojulikana ina mamia ya maunganisho, kusafisha masini hiyo kunaweza kuponya nyumba nzima. Ordinateri ambazo bado ziko na Windows XP ziko katika hatari zaidi, kwa maana Microsoft iliacha kuziletea marekebisho tarehe 8 Aprili 2014. Windows 10 nayo imefikia mwisho huo tarehe 14 Oktoba 2025.

Ya pili ni kuizuia Windows isijihudumie wakati wa wateja. Katika mipangilio ya Wifi kuna chaguo la « connexion limitée ». Ukiliwasha, Windows inapunguza sana kujipakulia vitu vizito bila kuulizwa. Kazi hizo zifanywe usiku au asubuhi mapema.

Ya tatu ni kutenganisha. Rutere nyingi zinaweza kutoa Wifi mbili, moja ya ordinateri za kazi na nyingine ya simu za wageni. Neno la siri la wageni libadilishwe mara kwa mara, la sivyo simu za mtaa mzima zitakuwa zinachukua adresi zikipita tu barabarani. Na muda wa adresi za wageni ushushwe toka saa 24 mpaka saa moja au mbili.

Ya nne ni kupanga zamu. Mahali penye ordinateri nne na watu ishirini, ni afadhali wanne wamalize fomu zao kabisa kuliko ishirini kuanza na wote kukwama katikati.

Ya tano ni ya fundi wa informatike. Anaweza kuangalia milango iliyopo kwa amri netsh int ipv4 show dynamicport tcp, na kuiongeza kwa amri ya set inayolingana nayo. Katika rutere inayokubali, anaweza kupunguza zile siku 5 za kungoja na kuongeza ukubwa wa orodha. Lakini kuongeza viti hakusaidii kama wanaovijaza ni virusi. Ndiyo maana hatua hii inakuja mwisho.

Kuzima na kuwasha nako kuna mahali pake. Katika Windows 7 kulikuwa na kosa linalojulikana: masini ikimaliza siku 497 bila kuzimwa, milango iliyokuwa inapumzika haikurudi tena kazini. Mahagi, ambako umeme unakuja na kuondoka, ni vigumu masini kufika siku hizo. Lakini fundi mzuri anazima akijua sababu, na baada ya kuandika alichokiona.

Kubonyeza mara kumi kunaongeza ugonjwa

Ukurasa ukikataa, mkono wa kila mtu unaenda kwenye kitufe cha kurudia. Watu ishirini wakibonyeza mara kumi, masini inapokea maombi mia mbili mahali ilipokuwa inashindwa na ishirini.

Jambo hili liliwahi kuangusha intaneti yenyewe ilipokuwa bado changa. Mwezi wa Oktoba 1986, huko California, Marekani, kati ya laboratware moja na Chuo Kikuu cha Berkeley, majengo yaliyoachana kwa umbali usiofika mita mia nne, kasi ilishuka toka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Waya haukukatika. Kila masini ilipokosa jibu ilituma tena, na kutuma tena kukajaza njia zaidi. Mtaalamu Van Jacobson alichunguza na mwaka 1988 akatoa dawa ambayo bado inatumika: masini inayokosa jibu ipunguze kasi, iongeze taratibu baadaye. Sistemu za leo zimejifunza hivyo. Wanaobaki kujifunza ni wabonyezaji.

Kosa likiwa mbali kweli

Hii haisemi kwamba kampuni na antena hazina kosa kamwe. Wakaaji wa Kongo wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Na tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na Uganda. Wakaaji wa mpakani wanaotumia kadi za Uganda wanategemea njia hizo pia.

Siku kama hizo zina alama yake: simu zenye kadi za kampuni ile ile zinakwama zote, ndani na nje ya sekretaria, hata pale ambapo hakuna msongamano. Njia ya haraka ya kujua ni kutoka nje ya Wifi na kujaribu simu moja kwa mega zake yenyewe. Ikifungua, kosa liko ndani ya nyumba. Ikikataa, jaribu kadi ya kampuni nyingine.

Daftari moja ndogo pembeni ya rutere inasaidia sana: saa iliyokwama, watu wangapi walikuwepo, nini kiliendelea na nini kilikataa, ping ilijibu vipi. Baada ya majuma mawili, daftari hiyo itaonyesha kama kukwama kunakuja watu wakiwa wengi au kunakuja ovyo. Kukija watu wakiwa wengi, fundi ana mahali pa kuanzia. Kukija hata sekretaria ikiwa tupu, mteja ana maandishi ya kupeleka kwa kampuni kudai haki yake, na kampuni haitaweza kumjibu tu kwamba azime halafu awashe tena.